Babu Aliyekufa Mwitaliano

Parramatta, Sydney

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mvua zimekuacha ulale, au paa la jikoni bado linavuja? Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi imenipa kikohozi kisichotaka kuondoka. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kuna jambo moja ambalo nikilianza tu kwenye simu, unampa kaka aongee nami.

Kwanza habari za kazini. Bado namhudumia yule bibi wa Kiitaliano. Tunamwita Nonna, ndivyo kwao wanavyomwita bibi. Namwogesha, nampikia, naye ananigombeza kwamba tambi zangu zimeiva mno. Mjukuu wake, Claudia, anataka uraia wa Italia akaishi kijijini kwa babu yake, marehemu mzee Pietro, mume wa Nonna. Mzee huyo alikuja huku kijana, akajenga nyumba za watu mpaka mgongo ukapinda, akafia hapa hapa.

Sharti lenyewe ni gumu. Claudia lazima athibitishe kwamba babu yake alikufa akiwa Mwitaliano tu, hajawahi kula kiapo cha uraia wa Australia. Nonna mwenyewe aliapa zamani, kwa hiyo tumaini lote lilikuwa kwa mzee. Na mtaa mzima ulijua mzee kaapa, maana kila alipoulizwa alijibu, "Tayari, tayari."

Claudia hakukata tamaa, binti yule ana moyo. Akaomba kumbukumbu za babu yake serikalini, akangoja miezi. Siku jibu lilipofika nilikuwa namchana Nonna nywele. Claudia akasoma, akafunga kompyuta, machozi yakamtoka.

"Wanasema hawana kumbukumbu yoyote ya babu kuomba uraia," akasema. "Faili limepotea, sina cha kuthibitishia. Imekwisha."

Nonna akacheka hadi chanuo likaniponyoka. "Halijapotea. Halikuwahi kuwapo."

"Na muda wote huu unanitazama tu, Nonna?"

"Aliniapisha nisimwambie mtu, majirani wasije wakamcheka. Leo imesema serikali, si mimi."

Kumbe hilo jibu la kusema hakuna ndilo hasa lililokuwa linatafutwa. Claudia akamkumbatia bibi yake, akanikumbatia na mimi na mikono yangu ya mafuta. Nilifurahi kama vile uraia ni wangu.

Claudia alipoondoka nilimuuliza Nonna kwa nini mzee hakuapa. Akaniambia mumewe alimwandikia mama yake kumwomba ruhusa. Mama akajibu habari za mbuzi, za mizeituni, za nani kaolewa, lakini hilo akaliruka. Akaandika tena, likarukwa tena. Kisha mama akafariki.

"Nikamwambia, sasa uko huru," Nonna akasema. "Akaniuliza, nani amenipa ruhusa?"

Mama, nimempenda mzee huyu ambaye sikuwahi kumwona. Alikosa kazi ya serikali aliyoitamani, hakupiga kura hata mara moja, na Nonna anasema hakuwahi kutamka neno baya juu ya mama yake. Huo ni uungwana ambao mimi sina. Leo mjukuu wake anafunguliwa mlango kwa sababu yake, na yeye hakujua.

Namheshimu sana, lakini sitaki yanikute yake. Unajua ninakoelekea. Na mimi nimeshatimiza masharti ya kuapa huku. Nikiapa, kwa sheria ya kwetu nitaacha kuwa Mtanzania, na kuja kukuona nitakuja kwa viza. Nisipoapa, ile kazi ya serikali niliyokuambia itanipita. Nimekuuliza mara ngapi, nawe unakohoa tu na kumpa kaka simu. Ninaogopa, Mama. Nataka nilisikie kutoka kinywani mwako, nisije nikabaki kulikisia.

Nisalimie kaka Deogratias na wifi yangu, shangazi fundi cherehani, na mjomba katekista, umwambie rozari yake ninayo.

Ukisema ndiyo, nitaapa. Ukisema hapana, nitabaki nilivyo, na sitakununia. Niandikie hilo tu, Mama. Habari nyingine zote kaka atanipa.

Ni mimi mwanao,
Skolastika