Bunduki ya Mtu Mwenye Hofu

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Mazoezi ya kukoki kabla ya chai, kwa mpini wa fagio, maana bunduki sina. Mama anapita na ndoo, ananitazama, anaguna.

Matembezi ya miguu porini yanaanza Juni. Naongoza mimi, wageni nyuma yangu, nyati popote wanapojisikia. Kampuni inataka kiongozi aje na bunduki yake. Ya kwao ilistaafu pamoja na mguu wa kaka Elibariki.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mwaka jana nyati alimtokea kichakani. Akakoki, mkono wa kukokia haukufika mwisho, akauvuta nyuma, akakoki tena. Risasi ya kwanza ilikuwa imebaki ndani, ya pili ikaja nyuma yake. Mbili mlango mmoja. Ikakwama. Leo anatembea kwa gongo.

Ofisini wanasema alikoki kwa woga. Wananikera. Nani hukoki mbele ya nyati kwa raha?

Alhamisi, 8 Mei

Dukani kwa Bwana Harjit, mjini. Babu yake aliuza bunduki palepale. Kanitolea bunduki anayoiita malkia: kitako cha mti wa jozi chenye mawimbi, tembo kachongwa kwenye chuma. Mkono wa kukokia unateleza kama mlenda. Bei ya kiwanja.

"Kizuri chajiuza, dada," akasema, halafu akaisifu mpaka chai ikapoa.

Nimeitaka. Nimeitaka vibaya sana.

Kando yake ipo nyeusi, nzito, sura ya jembe. Haina nakshi hata moja, na bei inalingana na ya malkia. Sikuelewa mtu analipia nini.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemsimulia Elibariki habari za malkia. Hakucheka. Siku hizi hucheka kwa nadra. Hukaa barazani akiangalia mikono yake, na najua anawaza yale ya ofisini. Ameanza kuyaamini. Hilo linaniuma kuliko mguu.

Amesema twende wote dukani, na risasi bandia za mazoezi.

Jumanne, 13 Mei

Bwana Harjit amekubali shingo upande. Elibariki akakaa kwenye kiti, gongo mapajani.

"Koki vibaya," akaniambia. "Vizuri kila mtu anajua."

Nikaanza na malkia. Nikasukuma, nikaishia njiani, nikavuta, nikasukuma. Ikakwama. Nikarudia. Ikakwama. Risasi mbili mlango mmoja, na tembo wake wa nakshi ananitazama. Elibariki aligeukia dirishani.

Kisha ile nyeusi. Ina ukucha mpana wa chuma unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye kisanduku cha risasi. Ukivuta nyuma, risasi inarudi nao. Ukiipindua bunduki juu chini, haianguki. Nimekoki kizembe, nimekoki kwa hasira, Elibariki akapiga gongo sakafuni nyuma yangu nikaruka kama mbuzi. Haikukwama.

Sasa najua ninacholipia. Malkia ametengenezewa mtu aliyetulia. Hii imetengenezewa mtu mwenye hofu. Huyo ni mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Kibali kimetoka. Kiwanja changu cha Sombetini kimekwenda. Nilishaanza hata kuota rangi ya mabati. Nimelia kidogo, imetosha.

Wenzangu kazini wameizunguka bunduki. "Bei yote hiyo, hata swala mmoja hajachorwa?" Wacheke. Mama hasemi nami.

Jumapili, 25 Mei

Amesema nami. Kwetu Meru kitu kikubwa hakianzi kazi kabla hakijaombewa. Gari, mashine ya kukoboa, hata tangi la maji. Baada ya ibada akamleta mzee wa kanisa nyumbani bila kumwambia kilichonunuliwa. Mzee alipoiona, Biblia ikarudi kwapani.

"Shikamoo mzee. Niombee isifyatuke," nikamwambia.

Akafikiri. Kisha akashika mikono yangu, akaiombea mikono. Bunduki aliiruka kama mgeni ambaye hakualikwa. Amina ya Mama ilisikika mpaka kwa jirani. Tukala ndizi na nyama, tukayamaliza.

Alhamisi, 12 Juni

Nyati dume, peke yake, penye kona ya njia. Karibu mno. Wageni wakaganda nyuma yangu kama nilivyowaelekeza.

Nikakoki. Vibaya. Nilihisi mkono wa kukokia ukisita katikati, nikauvuta nyuma, nikasukuma tena. Risasi ikaingia, moja tu, bunduki ikafunga.

Baada ya hapo sikuwa na haraka. Niliogopa, lakini bunduki ilikuwa tayari, kwa hiyo niliweza kungoja. Nikamlenga, nikangoja. Akanusa. Akatikisa masikio. Akageuka akaingia msituni kama aliyesahau kitu nyumbani.

Sikufyatua.

Jioni nimempigia Elibariki. Nikamweleza yote.

"Ulikoki vizuri?"

"Vibaya. Kama wewe siku ile. Vilevile kabisa."

Nilisikia kuku wake uani.

"Kumbe haikuwa mimi," akasema.

"Haikuwa wewe, kaka."

Nimeifuta bunduki vumbi, nimeifungia kabatini. Mama ameniachia chakula mezani, kimefunikwa.