Fisi wa Pazia Letu

Kambarage, Shinyanga
Msimu wa pamba

Dada Somoe,

Shikamoo dada yangu. Nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, chai iko pembeni ingawa sukari haipo, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Goti lako limepoa? Mama anakula? Na mikorosho ya nyuma ya nyumba mmeipalilia, au mnangoja nirudi niipalilie mimi? Sisi huku, mimi na Baba Rehema na Rehema mwenyewe, tu wazima, alhamdulillahi.

Najua umenikasirikia. Barua zako mbili zimefika, na ile ya pili umeniuliza kama nimeolewa na mji wa Shinyanga hata nisikumbuke kwetu Newala. Dada, sikuwa na mkono wa kuandika. Nilikuwa na jambo lililonikaba, na sikutaka kukuletea likiwa bichi, maana nakujua, ungelia kabla hujafika ukurasa wa pili. Sasa limekwisha, tena limekwisha salama. Soma bila hofu.

Kazi yetu ya studio unaijua. Baba Rehema anapiga na kusafisha picha, mimi ndiye ninayewapanga watu. Mwenzangu anajua mambo ya mwanga na dawa, lakini ukimwachia yeye atampiga mtu picha na ndoo nyuma yake, asione ubaya wowote. Mimi naona. Mtu mweusi kama sisi ukimsimamisha mbele ya kitambaa cheusi, yanabaki macho na meno. Bwana mmoja wa pamba alipigwa picha na mtu mwingine nje ya ofisi yake, nguzo ya umeme ikamtoka utosini, akaja kwetu amenuna kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Nilimsimamisha kwenye kivuli, ukuta mtupu nyuma yake, akaondoka anacheka. Basi sifa zikanipanda kichwani, nikaona hakuna anayejua mambo ya nyuma ya picha kuliko Zuhura.

Mapazia tulikuwa nayo mawili. Moja ni jeupe, la kawaida, nalo lilikuwa limechafuka, maana sabuni katika duka la ushirika imekuwa ya kusimuliwa. La pili nililiagiza mwenyewe kwa fundi mmoja wa kuandika mabango aliyetoka Mwanza. Nilimwambia achore mbuga: twiga kwa mbali, mti mmoja, na chui amekaa juu ya jiwe. Twiga alimweza. Chui, naapa yule bwana hajawahi kumwona hata kwenye kibiriti. Alimchora masikio ya mviringo, miguu ya nyuma mifupi, na mgongo umeteremka. Baba Rehema akaguna, akasema, "Mama Rehema, chui gani huyu?" Nikamjibu apige picha, mambo ya pazia aniachie mimi. Hilo neno limenirudia usiku mwingi.

Siku moja akaja kijana anaitwa Masanja, mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Alikuja na mama yake, Bibi Minza, mjane anayeishi kijijini ng'ambo ya Kagongwa. Masanja alitaka picha mbili za mama, moja aende nayo machimboni, moja itiwe fremu ibaki kwa mama. Akaniambia, "Dada, shimoni mtu anaingia hajui kama atatoka. Nataka nimwone mama kabla sijashuka." Ningempanga bibi nje kwenye ukuta, yakaisha. Lakini nilikuwa na pazia jipya, nami nikataka lionekane. Bibi Minza macho yake yameanza ukungu, hakujua hata nyuma yake kuna nini. Nilimsogeza mpaka visigino vikagusa kitambaa, mikono nikamwambia aiteremshe, asiikunje kama anayehukumiwa. Baba Rehema akapiga.

Picha zilipotoka, Masanja alikuwa ana haraka, lori la Geita linamngoja. Alitazama uso wa mama yake tu. Mtoto atazame nini kingine? Akatushukuru, akampeleka bibi kwenye basi, akaenda zake.

Haukupita mwezi, asubuhi moja akaingia mwanamke ambaye hata "mwangaluka" hakusema, ile salamu yao ya asubuhi wasiyoisahau hata wakiwa na msiba. Alikuwa Kabula, binti wa Bibi Minza. Alifungua khanga, akaiweka fremu juu ya meza yetu.

"Mmemfanya nini mama yangu?" akasema.

Nikatazama. Nikaona picha nzuri.

"Hapa pembeni. Huyu ni nani?"

"Ni chui wa kuchorwa," nikasema.

"Chui! Mayu, mama wee, huyu ni mbiti. Huyu ni fisi! Na mama amemshika kichwa!"

Dada, nilitazama tena, nikaona. Kwa sababu nilimsogeza bibi mpaka kwenye kitambaa, mkono wake ulioteremka ulikuwa umetua sawasawa juu ya kichwa cha yule mnyama, kama mtu anayempapasa mbwa wake. Na kivuli cha bibi kilikuwa kimefuta lile jiwe. Kilichobaki ni bibi kizee na fisi wake, wamesimama pamoja wanatutazama.

Kwetu watu wanasema simba hutumwa. Huku Usukumani anayetumwa ni fisi. Wanasema mchawi anamfuga, anampanda, anamtuma zizini kwa watu. Mimi nina miaka minne hapa, hayo maneno nimeyasikia sokoni mara ngapi, na sikuyakumbuka siku ambayo nilipaswa kuyakumbuka.

Kabula alitueleza huku analia. Jirani yao anaitwa Ngassa, mtu wa ng'ombe wengi. Fisi aliingia katika boma lake akamla ndama. Kesho yake Ngassa akaenda kwa Bibi Minza kuomba moto, akaiona picha ukutani. Hakuuchukua ule moto. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba Bibi Minza ana fisi, na mwanawe amempeleka mjini wakapigwa picha pamoja. Watoto waliacha kumchotea maji. Mtu akachora alama ya mkaa mlangoni kwake. "Wazee wamesema watakaa Jumapili," Kabula akasema, "lakini kuna vijana hawataki hata kukaa."

Nilijua maana yake. Huku vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Sembuse huyu, ambaye ushahidi wake nimeutengeneza mimi na kuutia kioo.

Baba Rehema hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu. Alitoa kamera yake ya macho mawili, ile ambayo unainama kutazamia kioo cha juu, akaangalia filamu. Zilibaki picha nne, na filamu nyingine mjini hakuna, nne hizo zilikuwa za harusi ya watu. Akasema, "Shusha pazia. Tunalipeleka likaonekane."

Rehema tukamwacha kwa jirani. Jumamosi tukapanda basi mpaka Kagongwa, kutoka hapo tukatembea, mimi pazia kichwani na Kabula mbele. Bibi Minza tulimkuta ndani, amefunga mlango mchana kweupe. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu Masanja ameisikia habari hii?" Nilimwambia sijui. Akasema, "Asisikie. Ana hasira, atakuja kuua mtu." Nilimwona hajiogopei yeye.

Jumapili watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Baba Rehema na Kabula walilitundika pazia kati ya nguzo mbili. Lo, watu walivyorudi nyuma! Wanawake wawili walikimbia kabisa. Mimi nikaenda nikamshika yule mnyama sikio, nikalikunja pazia, nikawaonyesha mgongo wake, merikani tupu yenye madoa ya rangi. Nikawaambia nani alilichora na wapi. Walinisikiliza. Lakini Ngassa, mtu mrefu mwenye fimbo, akasema, "Kitambaa tumekiona. Hapa fisi amekaa kwenye jiwe kama picha ya kitabu. Kwenye fremu yupo mzima na anapapaswa. Huyo wa kwenye fremu ametoka wapi?"

Hapo nikajua kusema hakutasaidia. Nikamwambia, "Baba, njoo utazame mwenyewe."

Hakutaka. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Wewe ndiye uliyeona, basi ona." Akaja, akainama juu ya kamera, Baba Rehema akamzibia mwanga kwa koti lake. Mimi nikaenda kusimama palepale alipokuwa bibi, visigino kwenye kitambaa, mkono nikauteremsha. Nikamsikia Ngassa anavuta pumzi.

"Sasa unaniona na nani?" nikamuuliza.

"Na mbiti," akasema polepole. "Umemshika."

Nikapiga hatua tatu mbele, halafu moja kando. "Na sasa?"

Akainua kichwa akanitazama kwa macho, akainama tena kwenye kioo. "Amebaki kule nyuma," akasema. "Amekuwa ukungu." Akaniambia nirudi. Nikarudi. Akaniambia nitoke. Dada, alinirudisha na kunitoa mara tano, kama ng'ombe wa kufundishwa jembe. Kisha wazee wakataka nao watazame, wakapanga foleni ndefu kuliko ya sabuni, na kila mmoja aliyeinama aliinuka akicheka kwa aibu.

Ngassa peke yake hakucheka. Akauliza, "Nani alimsimamisha bibi pale?"

"Mimi," nikasema. "Bibi haoni vizuri, hakujua kitu. Nilitaka pazia langu lisifiwe. Kama kuna wa kuadhibiwa leo, ni mimi."

Ngassa akasema, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Na ndama wangu je?"

Mzee mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Ndama wako kaliwa na mbiti wa porini. Boma lako lina tundu tangu masika, tumekuambia mpaka midomo imekauka!"

Watu waliangua kicheko, dada, kicheko ambacho sitakisahau, maana nilijua hapo hapo kwamba Bibi Minza amepona. Nilikaa chini mavumbini nikalia mbele za watu bila haya.

Mwenyekiti aliamua kwamba ile fremu ivunjwe, na sisi tumpige bibi nyingine bure. Nikamuuliza Bibi Minza, kwa adabu zote safari hii, anataka nini nyuma yake. Ukuta wa nyumba? Mti? Mashamba ya pamba? Alifikiri sana. Kisha akanyoosha kidole kwa watu.

"Nataka hawa," akasema. "Wote."

Walitazamana. Wapo waliokuwa wamemkatia maji, na yule wa mkaa naye alikuwemo, naamini. Mmoja mmoja wakaanza kusogea. Nikawapanga, wafupi mbele, warefu nyuma, jua likiwa pembeni, nikahakikisha hakuna fimbo wala nguzo inayomtoka mtu kichwani. Ngassa alibaki kando. Bibi Minza akageuza kichwa, akamwita kwa jina la baba yake, sikulisikia vizuri. Akaja akasimama nyuma yake kabisa, na nilipokuwa nahesabu, akaweka mkono begani kwa bibi. Baba Rehema akapiga zote nne, wale wa harusi Mungu atawapa filamu nyingine.

Tuliporudi Shinyanga zilisafishwa, zikatoka safi. Nami nilidhani yameisha. Juzi mchana Masanja akasimama mlangoni mwa studio, mwekundu kwa vumbi la Geita, hajanyoa, panga amelizungushia gunia. Habari ilikuwa imemfikia machimboni nusu, ile nusu mbaya tu. Alisema, "Niambieni ni nani aliyemchorea mama mkaa." Baba Rehema akampa picha.

Alisimama nayo mlangoni penye mwanga. Alitazama uso wa mama yake, kisha, safari hii, akatazama na nyuma. Nilimwona anapitisha kidole kwa kila mtu, mmoja mmoja, anawataja majina. Akafika begani.

"Mkono huu ni wa nani?"

"Wa Ngassa," nikamwambia.

Dada, aliketi kwenye kile kigoda cha wateja akalia kama mtoto. Alipomaliza alinawa uso, akaomba nyingine apeleke machimboni badala ya ile yenye fisi. Panga lake amelisahau hapa, na mimi sijamkumbusha.

Basi nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri na asiamini maneno ya upepo. Msalimie Mjomba Hassani fundi cherehani, na shemeji yangu mume wako, na shangazi wa kisimani aliyenifundisha kusuka. Watoto wabusu wote. Nimekuwekea humu ndani picha mojawapo, ile ambayo wamesogeleana vizuri zaidi. Itundike pale kila anayeingia ataiona, na akikuuliza yule bibi ni nani, mwambie ni mtu mwenye watu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Zuhura, Mama Rehema