Siku Mzee Makokha Alipoishusha Daraja Timu ya Baba

Jumamosi, mwezi wa pili. Jua kali tangu asubuhi, na vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye sufuria. Mgongo unaniuma.

Nimechoka.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoamka nalo. Kumwinua mtu mzima kutoka kitandani, kumwosha, kumvisha, kumkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, halafu kukumbuka kwamba maji hayajachotwa na moto haujawashwa. Huwa nakaa kwanza kwenye kizingiti, nikiitazama barabara ya Lurambi, watu wakienda sokoni na miguu yao mizima. Leo nimekaa sana. Uji ukafurika ukazima moto.

Baba alipata kiharusi kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijakatika. Alikuwa kibandani kwake sokoni, anashona sare ya shule, akaangukia cherehani. Upande wa kulia ukafa ganzi, na sauti ikaenda. Mimi nilikuwa Musanda nikifundisha watoto wa chekechea. Mama hatunaye tena, na kaka yangu Ezekieli ana kazi Nakuru, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atarudi nyumbani. Nilirudi. Darasa langu sasa lina mwalimu mwingine.

Daktari alisema sauti inaweza kurudi na inaweza isirudi, na kwamba tuzidi kuzungumza naye. Nimezungumza. Nimemweleza bei ya mafuta ya taa, ng'ombe wa nani amezaa, nani amezikwa na mchungaji alisema nini kaburini. Nimezungumza mpaka nikajisikia kama redio ambayo mwenye nyumba amesahau kuizima. Yeye hunitazama tu. Anaelewa kila kitu, naona kwenye macho.

Nikubali jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila asubuhi ninapomnywesha uji, nangoja aniite. Siombi hotuba. Aseme tu "Dorika", basi.

Leo mchana nilikuwa naanika mashuka nikasikia baiskeli inaegeshwa kwenye ua. Mzee Makokha.

Huyu ndiye rafiki mkubwa wa Baba tangu ujana wao. Anauza ng'ombe pale soko la Lubao. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ligi kuu haijafunguliwa, alikuwa anakuja hapa, na wawili hawa wanaipanga ligi nzima mezani kwa vizibo vya soda. Kila kizibo ni timu. Wanaanza na bingwa na kumaliza na wale watakaoshuka daraja, wanabishana mpaka chai inapoa. Mama alikuwa anawaambia, "Si mmeshaimaliza ligi? Waambieni wachezaji warudi kwao wakalime."

Tangu Baba augue, Makokha hakuwa amekanyaga hapa. Hata mara moja. Walikuja watu wa kanisa, walikuja mafundi wenzake wa sokoni, hata mteja mmoja ambaye suruali yake ilibaki haijamalizika alikuja kutoa pole. Makokha hakuja.

"Mulembe, mama," akanisalimu.

"Mulembe."

"Mzee yuko?"

"Ataenda wapi?"

Nilijua nimemjibu vibaya. Sikujali.

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Hakujua aangalie mkono wa Baba au uso wake. Akaanza kupiga kelele, "ANDREA! HABARI YA SIKU NYINGI!" mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatimka.

"Anasikia," nikamwambia. "Masikio hayakupata ugonjwa."

Akapangusa jasho kwa kofia. Kisha akaniomba ule mkebe wa vizibo. Nilitaka kumwambia umepotea. Lakini nilimwona Baba amegeuza shingo kuelekea kabati, basi nikauleta, nikavimwaga vizibo mezani.

Na Makokha akaanza ligi. Peke yake, kwa niaba ya watu wawili.

"Mimi nasema Tai wa Nairobi wanabeba kombe," akaweka kizibo cha kwanza juu. "Najua wewe ungenikatalia. Wewe ungesemanga hivi." Hapo akaibadilisha sauti, ikawa nzito ya kukwaruza, sauti ya Baba kabisa. "'Makokha, akili yako iko kwa ng'ombe. Tai wamezeeka. Beki yao inapumua kama fahali aliyetembea kwa miguu kutoka Lugari.' Haya. Mimi ningekujibu, nani mwingine basi? Nyangumi wa Mombasa? Hao wakija huku wakanyeshewa mvua ya mawe mara moja tu, wanataka kurudi kwao. Viboko wa Kisumu? Kocha wao mpya anawafundisha pasi nzuri, lakini wakifika golini wanaanza kuulizana nani apige."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na shuka lenye maji mkononi. Miezi mingi sijaisikia sauti ile, na sasa inatoka kinywani mwa mtu mwingine. Nilikaribia kucheka. Nilikaribia pia kumtupia shuka.

Baba alikuwa anafuata kila kizibo kwa macho.

Kikabaki kile kizibo chekundu. Hicho ni Isiukhu Stars, timu yetu ya hapa nyumbani. Jezi zao za kwanza alizishona Baba, enzi zile viatu vya mpira vilikuwa vya kuazimana. Katika utabiri wake hajawahi kuwaweka chini ya nafasi ya tatu, hata ule mwaka waliponusurika kwa penalti ya dakika za mwisho. Makokha naye kila mwaka alikuwa anamkubalia mwishoni, kwa urafiki tu.

Leo alikichukua kile kizibo, akakigeuzageuza, akashusha pumzi.

"Ndugu yangu, hapa nitasema ukweli. Kipa wetu amechukuliwa na watu wa Nairobi. Yule kijana wa winga ya kushoto amepewa kazi kiwandani, sasa anachezea kampuni. Kocha amegombana na wenye timu, na wachezaji wanafanya mazoezi alfajiri kwa sababu saa mbili wako kazini. Timu gani hiyo?" Akakisukuma kizibo chini. Kikapita Viboko, kikapita Nyangumi, kikapita timu ambazo mimi hata sizijui. Akakifikisha kwenye ukingo wa meza. "Wanashuka daraja, Andrea. Msimu huu ni kwaheri."

Mkono wa kushoto wa Baba ukainuka.

"Lekha!"

Kwa lugha yetu ya nyumbani maana yake ni acha. Lilitoka kwa kukwaruza, kama mlango uliofungwa siku nyingi.  Kisha akalirudia, "Lekha," akakishika kizibo chekundu, akaanza kukisukuma juu. Vizibo vingine vikaanguka sakafuni vikilia. Hakuvijali. Akasukuma mpaka juu kabisa, hata Tai wa Nairobi wakadondoka, akabaki amekifunika kwa kiganja.

"Amesema!" Makokha akaruka. "Dorika, mzee amesema! Amesema!" Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, naye anacheka.

Nilisema, "Bwana asifiwe." Nililisema kwa mdomo tu.

Kisha nikatoka nje, nikaenda nyuma ya jikoni, nikakaa juu ya kuni, nikalia. Na nisijidanganye hapa ninapoandika, hayakuwa machozi ya furaha.

Ilikuwa wivu.

Mimi ndiye ninayemgeuza usiku asipate vidonda. Mimi ndiye ninayeponda obusuma, ugali wetu, kwa mchuzi mpaka ulainike, namlisha tonge kwa tonge, napangusa kidevu. Neno lake la kwanza akalitolea timu ya mpira. Akampa mtu ambaye hakuja hata kumjulia hali.

Makokha akanifuata huko nyuma, nadhani alidhani nashangilia. Aliponiona akasimama na kofia mkononi.

"Umekuwa wapi?" nikamwuliza. Sikumwita mzee, sikumwita baba. "Miezi yote hii, umekuwa wapi?"

Akakaa kwenye gogo mbele yangu. 

"Niliogopa," akasema. "Nilikuja mpaka pale njia panda, nikageuza baiskeli. Si mara moja. Mimi na baba yako tumegombana, tumetukanana, tumechekana, lakini hatujawahi kukaa pamoja tukanyamaza. Nilijiuliza nitaingia mle ndani nikae na nani."

"Mimi nakaa naye."

"Najua."

"Kila siku nakaa naye."

"Najua, mwanangu. Nisamehe." Akainamisha kichwa. Nilingoja aniambie neno la kunifariji, kama wazee wanavyofanya, methali au mstari wa Biblia. Hakuwa nalo. Akasema tu, "Sijui nikuambie nini."

 Nikamwuliza kama alifanya makusudi, kama alijua kwamba kumkasirisha Baba kutamfungua kinywa.

Akanitazama kwa mshangao. "Makusudi gani? Hiyo timu inashuka kweli."

Nikacheka. Sikutaka, lakini kicheko kilinitoka, naye akacheka, mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuona kuna nini. Sijui ni lini nilicheka hivyo mara ya mwisho.

Akarudi ndani, akapiga magoti, akaviokota vizibo vyote sakafuni. Alimwambia Baba atakuja kesho baada ya kanisa wasikilize mechi ya ufunguzi redioni, na kwamba kama Isiukhu Stars watashinda atameza maneno yake na kofia pia. Baba akakunja nusu ya mdomo. Kwa sasa hicho ndicho kicheko chake.

Alipoondoka nyumba ikawa kimya, na uchovu wote ukanirudia kwa pamoja. Mashuka nusu yalikuwa bado kwenye beseni. Nilikaa sakafuni kwenye mkeka, karibu na miguu ya Baba. Sijui kilichonipata. Nikasema kwa sauti jambo ambalo sijawahi kumwambia, kwa sababu mtu hamwambii mgonjwa maneno kama hayo.

"Baba, nimechoka."

Akanitazama. Mdomo wake ukaanza kuhangaika, ukitafuta. Nikapiga magoti, nikasogea karibu.

"Kona," akasema.

Kona! Nilisikia kama nimepigwa kofi. Nimwambie nimechoka, yeye bado yuko uwanjani anahesabu mipira ya kona. Nikasimama. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nikienda kwa yale mashuka, aliposema tena, taratibu zaidi, akiuelekeza mkono wa kushoto chini, kwenye mkeka.

"Kona."

Nikagundua kwamba nilikuwa namsikiliza kwa Kiswahili.

Baba hakuwahi kuzungumza nasi Kiswahili hapa nyumbani. Kiswahili ni cha sokoni na cha redio. Na kwa lugha yetu kona si kitu cha mpira. Ni neno unalomwambia mtoto taa inapozimwa, au mgeni aliyetoka safari ndefu.

Lala.

Nikarudi kwenye mkeka. Nikajilaza mchana kweupe, nguo zikiwa kwenye beseni, vyombo havijaoshwa, na sikumwuliza kama anataka maji. Nilisikia kanga anapiga kelele kwa jirani, kisha sikusikia kitu.

Nilipoamka kuku walikuwa wanaingia jikoni kulala. Baba alikuwa amekaa vilevile, macho wazi. Hakuniita, hakugonga kiti kama anavyofanya akitaka kugeuzwa. Suruali yake ilikuwa imelowa, na bado hakunigutusha. Alikuwa amenilinda.

Nimembadilisha nguo. Hatukusema neno, si mimi wala yeye, na kwa mara ya kwanza ukimya huo haukunilemea.

Sasa jua linazama na naandika haraka kabla sijawasha taa. Sijapona uchovu. Usingizi wa mchana mmoja hauwezi kumaliza miezi. Lakini nimeona jambo, kwamba mgonjwa mwenyewe amejua nimechoka, na mimi ndiye niliyekuwa nawaficha watu wengine wote. Ezekieli kila akipiga simu kwa jirani namwambia tuko salama. Halafu namkasirikia kwa kuamini.

Jumatatu nitashuka mjini, nisimame kwenye kibanda cha simu, nimpigie kazini kwake. Sitamwomba. Nitamwambia achukue likizo yake aje akae hapa, ajifunze kumwinua Baba bila kumwumiza, na mimi niende Musanda kwa rafiki yangu nikalale siku kadhaa bila kusikiliza pumzi ya mtu. Akisema haiwezekani nitampigia tena kesho yake. Nimeona leo kwamba hasira pia ina kazi yake.

Na Isiukhu Stars? Mzee Makokha ameniuliza wakati anapanda baiskeli, "Na wewe unawaweka wapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hapo awali, na kwa miaka yote niliyowapelekea chai nimesikia mengi. Bila kipa hawatachukua kitu. Lakini mabeki wao ni wale wale, wanaume wa kukaza meno, wanaoweza kufungwa wiki hii na wakaamka wiki ijayo kucheza tena. Nimemwambia watamaliza katikati. Hawatashangiliwa na hawatashuka.

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Giza linaingia, naweka kalamu chini. Maji yamechemka, na ugali haujisongi wenyewe.