Sahani ya Magesa

Mjukuu wangu Nyamisi,

Huku Bugwema tunaendelea vizuri, mihogo tuliyoanika imekauka, na shangazi yako wa Buhare anakusalimu sana. Umeniuliza maana ya neno "certify", lililoandikwa kwenye fomu unazosaini huko kazini.

Nami niliwahi kusaini karatasi yenye neno hilo. Kaka yangu Magesa alikuwaga mvuvi. Siku moja mtumbwi wake ulikutwa ziwani ukielea mtupu, naye hatukumpata. Miaka ilipopita nilienda ofisini Musoma, nikathibitisha kwa sahihi yangu kwamba amekufa, ili wanawe wapewe shamba lake. Mama alikuwa bado anamwekea ugali kila jioni. Nilipomsomea ile karatasi, akaniuliza, "Wewe ulimwona?"

"Hapana, mama."

"Sasa umethibitisha nini?"

Magesa hakurudi, kwa hiyo sikudanganya. Lakini jioni ile mama aliosha sahani ya Magesa, akaifungia kabatini, na hakumpakulia tena.

Ukisaini, mjukuu wangu, kumbuka kuna mtu anayeweza kuacha kusubiri kwa sababu ya jina lako.

Ni mimi babu yako.