Kerezo la Mapokezini

Chumba cha uani, nyuma ya stesheni
Jumapili, 9 Machi, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kwanza nikupe hali yangu. Goti la kushoto limeacha kunitii, lakini macho bado yanasoma bila miwani. Wewe je? Lile jicho lililokuwa likikutoa machozi limetulia? Shemeji bado anakuficha chumvi? Kama kuna anayeumwa hapo nyumbani, apate nafuu kabla karatasi hii haijafika.

Barua yako nimeisoma hadi imechanika mikunjoni. Umemwaga zege katika karakana ya marehemu baba, umeingiza umeme, na unauliza kerezo linaondoka huku lini. Najua umekwisha kuwatangazia majirani kwamba kaka anarudi na mashine ya kukereza chuma, karakana ifunguliwe upya. Basi keti kitako.

Lile kerezo mkwe wangu alilitoa kwa wauza vyuma chakavu, akanipa nicheze nalo. Neno hilo la kucheza nililisikia nikalipuuza. Nililisugua kutu kwa mafuta ya taa na msasa. Gia mbili zilizong'oka meno nikazichonga upya kwa tupa. Zile reli, ambazo kisu huteleza juu yake, nilizikwangua kwa mkono hadi karatasi ya sigara ikawa haipiti chini ya rula ya chuma. Baridi ilipozidi nilivaa soksi mikononi. Nilikuwa na furaha, sikufichi.

Juzi Ijumaa lilikuwa tayari kuwashwa kwa mara ya kwanza. Unajua jambo hilo lina adabu yake, baba alitufundisha sote wawili. Nililisawazisha kwa pima maji, nikatia mafuta kila tundu, nikalizungusha kwa mkono nikisikiliza beringi. Likabaki moja: kukitoa kile kichwa chenye taya kinachoshika chuma. Kwenye makerezo ya zamani kichwa hicho kimefungwa kwa hesi tu. Nyaya za mota zikipishana, mashine huzunguka kinyume, na kichwa hujifungua chenyewe kama kifuniko cha chupa. Ndiyo maana mara ya kwanza huwashwa tupu.

Nilikuwa natafuta ubao wa kulaza juu ya reli, kichwa kisije kikaniponyoka, mlango ukafunguliwa. Akaingia binti yangu, mumewe, na mwenye hoteli ya mtaa wa pili. Mgeni akaligonga kerezo kwa pete yake.

"Zuri. Litakaa mapokezini, karibu na ngazi. Mota mtaing'oa, na hayo mafuta myafute, zulia langu jipya."

Nikadhani amekosea nyumba. Nikamtazama binti yangu.

"Baba, usianze," akasema. "Hivi kweli ulidhani tutalisafirisha lichuma lote hilo mpaka huko? Wewe mwenyewe kupanda basi unashikwa mkono."

"Shukuru, mzee wangu," mkwe akadakia. "Mazoezi umepata, na usingizi ulikuwa unakuja."

Niliomba jambo moja tu, niliwashe mara moja kabla ya kung'olewa mota. Nikawasihi wangoje, kichwa kitoke kwanza.

"Hotuba hiyo!" mkwe akasema, akabonyeza swichi.

Lilizunguka kinyume. Kichwa kikajifungua, kikaanguka juu ya reli na kuumega ukingo, kisha kikabiringika sakafuni na kunipita mguuni kwa unene wa kidole. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Binti yangu alimuuliza mgeni kama bado analitaka.

"Haidhuru," mgeni akasema. "Hapo kwenye pengo tutaweka chungu cha maua."

Wakacheka wote watatu. Mimi nikachukua tambara nikafuta mafuta kama alivyotaka, maana paa ninalolalia ni lao. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Jana walilipakia. Mwenye hoteli ameagiza niwe nakwenda kulipangusa vumbi kila wiki, nitapewa chai mlango wa nyuma. Nimekubali. Usinihurumie, angalau nitaligusa.

Sasa usiniandikie kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Najua, na nimekwisha kuwa. Ulimngoja mkerezaji. Bila kerezo, atakayeshuka kwenye gari ni mzee wa goti moja anayetafuta kiti, na watoto wako watapokezana kumwogopa na kumchoka. Nimejifunza kuwa mzigo katika nyumba moja. Kujifunza tena katika nyumba ya pili siwezi. Karakana mpe mwanao anayetengeneza baiskeli. Majirani waambie ukweli wewe mwenyewe, na wakikucheka, wavumilie.

Nisalimie shemeji na ukali wake. Nisalimie shangazi, kama bado anawatambua watu. Mjukuu wako wa mwisho, yule mnayemwita Kijiti, mwambie babu yake wa mbali anamuulizia. Mungu awape mvua kwa wakati wake na usingizi usio na hofu, na akuzidishie wewe subira niliyokumalizia.

Sitarudi.

Nduguyo akupendaye daima,
Kaka yako