Moshi wa Kahawa Yetu

Tata,

Nakuandikia kwa sababu maisha yako yote sikuwahi kukusemesha hata neno moja. Mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake wala hamjibu, na ukipita njiani nilikuwa najitupa migombani mpaka nyayo zako zipotee. Mchungaji alisema tuache, wengine wakaacha, lakini Mama mkwe alishikilia. Sasa umelala, na mimi nina maneno ya miaka saba. Nivumilie.

Kwanza asante. Asante sana, Tata, ndaga fijo.

Unakumbuka chama chetu cha ushirika kilivyotaka kufa? Wewe mwenyekiti ndiye uliyezunguka kilima kwa kilima ukibembeleza watu tuuze kahawa yetu pamoja, kwenye ghala letu wenyewe, badala ya kila mtu kupeleka kikapu chake kwa mchuuzi na kupewa anachotaka yeye. Halafu wanunuzi wakaurudisha mzigo wetu wa kwanza na lori. Eti unanuka moshi. Loo! Watu walivyonuna! Wa juu wakawasingizia wa bondeni, wa bondeni wakawasingizia wa juu, na nusu yao wakasema bora warudi kwa mchuuzi wao.

Mimi nilijua. Nilikuwa na mimba ya mjukuu wako, na pua yangu haikuwa na mchezo. Mvua zilipokataa kukatika ulimwagiza Mama tupandishe kahawa darini juu ya jiko, pale tunapokaushia mahindi na ulezi tangu enzi za mababu. Nani angedhani? Tumezaliwa ndani ya moshi, hatuusikii tena. Nikamwambia Mama. Akanifokea, "Nyamaza! Unataka kumwaibisha mzee?"

Nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikakusikia upande wa pili wa ukuta ukimwambia Mama kwamba kesho chama kinavunjwa. Sauti yako ilikuwa imekwisha kabisa. Nikashindwa kuvumilia. Uani kulikuwa na mbuzi amefungwa, nikamsemesha yeye kwa nguvu: "Wewe mbuzi, sikia! Kahawa inayonuka ni ya darini kwetu!" Mbuzi akaendelea kutafuna. Ng'ambo ya ukuta ukakohoa. Nililia kwa woga, nikajua narudishwa kwa baba yangu.

Kesho yake ukasimama mbele ya wanachama wote. Mama alinisimulia. "Moshi ni wa kwangu. Mkamwana wangu ameunusa." Basi mzee mmoja akainuka, akasema naye ya kwake aliiweka darini. Akafuata mwingine. Kumbe kilima kizima! Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na wiki ileile wakakata mianzi wakajenga vichanja vya kuanikia, vyenye paa, nyuma ya ghala. Hakuna aliyerudi kwa mchuuzi.

Na mimi hukunirudisha. Ulitundika mkeka ghalani, wewe na mizani upande huu, mimi upande ule, gunia likapitishwa chini ili nilinuse. Nikigonga mara moja, safi. Nikilisukuma nje, limekataliwa. Misimu mingapi tulifanya kazi hivyo! Nilikujua kwa kikohozi na kwa vidole vya miguu. Mwanamume akianza kufoka kwamba hakataliwi kahawa na mwanamke, ulimwambia neno moja tu, "Beba." Tata, hakuna mtu aliyewahi kuniamini hivyo, hata baba aliyenizaa. Nasema kweli.

Siku ya mazishi Mama alinishika mkono akasema, "Sasa mtazame." Nikakutazama. Ulikuwa na kovu dogo juu ya jicho. Miaka yote ile, na sikujua. Nililia mpaka wakanitoa nje.

Habari za huku ni njema. Mkeka umetolewa, na nimeandikwa mwanachama kwa jina langu mwenyewe. Mwenyekiti mpya ana kelele nyingi lakini moyo wake si mbaya.

Ila nikwambie la Jumamosi. Mwanao alileta gunia lake. Wiki iliyotangulia, nilipokuwa nimekwenda kumuuguza dada yangu, mvua ilimkuta mume wangu na kahawa mbichi, akaona uvivu kufika vichanjani, akaipandisha darini. Nikafungua, nikanusa: moshi. Akanikazia macho, yale ya mume kwa mkewe. Mwenyekiti akaanza kusema huyu ni mtoto wa mwanzilishi, lipite tu. Watu wote wakanigeukia. Nikamwambia mume wangu alirudishe nyumbani, na akalibeba begani mbele ya watu wote. Siku tatu hakunisemesha. Ya nne asubuhi nikamkuta nyuma ya nyumba anajenga kichanja.

Basi pumzika. Nakuahidi, maadamu ninapumua, chama chako hakitakufa kwa moshi, uwe wa jirani au wa mchungaji. Kama nimeikataa kahawa ya baba wa watoto wangu, sembuse ya mwingine?

Kwaheri, mzee wangu.

Mkamwana wako,
Tusajigwe