Nyambizi ya Zéphirin, na Habari za Dorcelle

Lubumbashi, tarehe 6 Machi 1994

Mpendwa dada yangu, Yaya Martine,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji na wote mlio pamoja huko Ndola. Ule mguu wako uliokuwa ukivimba wakati wa baridi umepona? Shemeji bado yuko kazini kwenye reli? Na mwanao Précieuse, anaendeleaje shuleni? Mimi mwili wangu ni mzima. Watoto nao ni wazima, ndivyo nilivyosikia juzi, maana hawako hapa nyumbani, wako na mama yao Annie. Nitakueleza kwa nini.

Barua hii anakuletea Kasereka, yule mfanyabiashara wa kutoka Butembo ambaye lori lake hupita mpakani Kasumbalesa. Posta ya hapa ni jengo tu siku hizi. Mpe chakula kama kipo, lakini usimuulize kitu. Hajui nilichoandika.

Yaya, umeniandikia mara mbili ukiniuliza habari za Dorcelle, mtoto uliyemshika siku ya ubatizo. Mara zote mbili nilikujibu bei ya unga na habari za mvua. Nilikuwa nakukwepa. Dorcelle amekufa. Alikufa mwezi wa kumi mwaka jana, pale gare, kituo cha treni, na leo nakuandikia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mama yake aliniagiza.

Unamkumbuka jirani yetu Zéphirin, baba yake, alivyo. Hata ulipokuwa bado hujaolewa, alikuwa na ile karakana yake nyuma ya jiko, na jiliwa lililofungwa juu ya mlango wa zamani uliolazwa kuwa meza. Tulianza na mashua za mbao, kisha meli ndogo za bati zenye injini, mimi nikikata bati, yeye akilehemu. Miaka kumi na minane kila Jumapili baada ya misa. Ya mwisho ilikuwa nyambizi, urefu wa mita moja na kidogo, tumbo lake ni bomba la shaba, mota ya kufutia vioo vya gari, na redio ya kuiongoza tuliyoikuta katika nyumba ya mhandisi mmoja Mbelgiji aliyekimbia wakati wa uporaji. Kuzama na kupanda ilitumia pampu ya baiskeli: ikivuta maji inazama, ikiyasukuma nje inapanda. Hayo yote yalitoka kichwani mwa Zéphirin. Mimi nilikuwa mikono tu.

Mwezi wa tisa vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai walifika barabarani kwetu. Umesikia huko waliwaitaje watu wa Kasai: bilulu, wadudu. Zéphirin alizaliwa hapa hapa, baba yake alizaliwa Likasi, lakini hilo halikuwa na maana tena. Walimpa mpaka saa kumi jioni awe ameondoka. Alinipitishia ufunguo wa karakana juu ya ukuta wa lupango, kati ya ua wake na wangu, akaniambia, "Utunze vyombo, tutarudi." Nikapokea. Sikutoka kumsaidia kubeba godoro. Nilisimama nyuma ya ukuta mpaka nikasikia mkokoteni umekata kona.

Wiki moja baadaye kiongozi mpya wa mtaa alikuja kuandika nyumba zilizobaki wazi. Akaikuta nyambizi karakanani. Akauliza ni ya nani. Yaya, nilijibu, "Yangu." Akafurahi mno. Akasema Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi kutakuwa na sherehe kando ya ziwa la mjini, wakubwa watakuwepo, wataona kitu kilichotengenezwa na mtoto wa nchi. Akasema pia kwamba nyumba ya Zéphirin inahitaji mwenyewe mpya, na mtu wa namna yangu angefaa.

Niliijaribu kwenye pipa la maji. Ikazama vizuri, na haikupanda. Nikafungua, nikasafisha, nikafunga. Haikupanda. Siku nne nilihangaika nayo. Siku ya tano, Ijumaa, nilikwenda gare kumtafuta Zéphirin.

Sijui kama huko mlionyeshwa hali ya gare. Maelfu ya watu, wiki baada ya wiki, wanangoja treni ya kwenda Kasai ambayo haiji. Wamelala kati ya reli, chini ya mashuka na mabati. Harufu inakupokea kabla ya watu. Niliwakuta karibu na ghala la zamani. Zéphirin alikuwa ameketi chini, Dorcelle amelaza kichwa pajani pake, midomo imepasuka. Nilidhani amelala.

Zéphirin alifurahi kuniona, Yaya. Alifurahi kweli, akasogea ili nipate pa kukaa. Nikamwambia haipandi. Hakuniuliza kwa nini naitaka ipande. Akafikiri kama alivyozoea, na kidole mdomoni.

"Ni ngozi ya pampu," akasema. "Imekauka. Uitie mu mafuta ya mawese usiku muzima. Na ile skrubu ya nyuma usiikaze mingi, itavunja uzi."

Nilikuwa nimekuja na karatasi na kalamu. Akaniomba, akanichorea juu ya goti la mtoto, maana hapakuwa na pengine pa kuwekea karatasi. Aliacha kuchora mara mbili ili kumfuta Dorcelle mdomo kwa kitambaa, kisha akaendelea pale alipokuwa ameachia.

Agnès, mkewe, alikuwa amesimama anatuangalia. Akaniambia, "Kapya, ni ile ndiyo imekuleta?"

Akaangalia mikono yangu. Sikuwa nimebeba hata chupa ya maji.

"Basi sikiliza," akasema. "Mutoto iko na homa, leo siku ya ine. Anahara. Mumubebe kwenu siku mbili tu, apate kulala mu nyumba, anywe maji ya kuchemsha. Hata jina lake halisemi kwao ni wapi. Watu watazani ni wenu."

Ilikuwa kweli. Dorcelle alikuwa na miaka saba na alisema Kiswahili cha hapa vizuri kuliko watoto wangu. Nikafikiri juu ya vijana wa barabarani, mtu wanayemkuta na mtoto wa Mkasai wanamfanya nini. Nilikuwa na woga, huo siufichi. Lakini nilifikiri pia juu ya kiongozi wa mtaa na Jumapili. Nikasema, "Acha niongee na Annie kwanza."

Zéphirin akasema, "Ni sawa. Uongee naye." Akanikunjia karatasi vizuri, akanipa.

Sikuongea na Annie. Nilifika nyumbani, nikatia ngozi kwenye mafuta.

Jumapili ilipanda. Ilizama katikati ya ziwa, halafu ikatoka upande wa pili pua ikiwa juu, maji yakitiririka kutoka juu yake. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Walisoma jina langu kwenye kipaza sauti, jina langu peke yake. Nilipeana mikono na watu waliovaa suti. Yaya, nilikuwa na furaha. Kama ningekuandikia kwamba roho iliniuma siku ile, ningekuwa nakudanganya.

Jumatano nilirudi gare. Safari hii nilibeba chakula, bukari na samaki, dumu la maji na vidonge. Zéphirin alikuwa peke yake juu ya mzigo wao. Akaniona, akauliza kabla sijaketi:

"Ilipanda?"

"Ilipanda," nikamwambia.

"Bon," akasema. Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyekuwa na mashaka na kazi yake. Kisha akasema, "Dorcelle alikufa juzi asubuhi."

Agnès alitoka nyuma ya ghala. Hakulia mbele yangu. Alichukua maji, akampa mwanamke wa jirani yao aliyekuwa na kichanga. Chakula hakukigusa. Akaniambia, "Martine ni marraine yake, mama yake wa ubatizo. Utamwambia wewe. Usitume muntu, uandike na mukono yako. Na umwambie yote, na ile ya karatasi pia."

Treni ilikuja baada ya siku kumi na mbili, mabehewa ya kubebea madini, bila paa. Sikuwaona wakipanda. Sina anwani yao. Mtu mmoja alisema walishuka Mwene-Ditu, mwingine akasema Agnès hakufika. Sijui nimwamini nani.

Kaburi nililiona. Liko kwenye ule upande mpya wa makaburi waliowafungulia watu wa gare, mstari wa sita, karibu na waya. Nilisimamisha msalaba wa mbao na jina lake. Ukivuka mpaka, nitakupeleka, au nitamwonyesha Kasereka akupeleke kama hutaki kwenda nami.

Nyumba nilipewa. Nilimwambia Annie tuhamie, na siku hiyo ndipo aliposikia habari za Ijumaa ile, kutoka kinywani mwangu, kwa sababu aliniuliza Agnès alisema nini nilipokwenda gare. Akasema, "Haukuniuliza. Ningeenda kumubeba miye mwenyewe." Kesho yake aliwachukua watoto, wakapanda lori la Kasenga, wakashukia kwa mama yake, Kasomeno. Huu ni mwezi wa tano tangu waondoke. Ananitumia habari za watoto kwa madereva. Habari zake yeye hatumi.

Nimekuandikia yote, kama nilivyoagizwa. Sikuombi uniombee kwa Mungu, wala sikuombi unijibu. Nyambizi iko kwenye ofisi ya mtaa, ndani ya kabati la kioo, wameandika jina langu chini yake.

Nisalimie shemeji. Nisalimie mama mkwe wako, mwambie dawa yake ya macho niliitafuta Kipushi nzima bila kuipata. Précieuse umbusu kwa ajili yangu. Najua anamshonea Dorcelle mwanasesere, aliniandikia. Usimwambie bado. Mwache amalize kushona.

Mungu ailinde nyumba yenu na kila mtoto aliyelala ndani yake.

Wako akupendaye, hata kama leo utaona vigumu kuliamini neno hilo,

Mdogo wako,
Kapya